Kuotesha seli za ngozi kwenye kiunzi cha polima: kutoka chumvi mpaka seli, na joto letu hili la Mombasa

Haya jamani, kwa wanafunzi na mafundi wa maabara wanaoniuliza kila siku vile seli za ngozi zinaoteshwa juu ya kiunzi cha polima (yaani karatasi ya plastiki yenye matundu ambamo seli zinaota), nimeona niandike yote pamoja manake kujibu mmoja mmoja nimechoka. Kabla hamjaanza, hii ni kazi ya maabara yenye kabati safi, inkubeta (kabati la joto la kuoteshea seli) na mkubwa wa kukusimamia, ni ya kujifunza na kupima tu. Utakachotoa hapa hakiwekwi kwenye kidonda cha binadamu, ata kama ni mtoto wa jirani kamwagikiwa na chai ya moto na roho inakuuma, huyo mkimbizeni hospitali ya Makadara akaonwe na daktari.

Sasa kwa nini kiunzi? Seli za ngozi ya juu watu walijua kuziotesha kitambo, watafiti Rheinwald na Green waliandika njia yao 1975 kule Marekani, na 1983 watoto wawili walioungua zaidi ya 95% ya mwili walitibiwa Boston kwa karatasi za seli zilizooteshwa kutoka ngozi yao wenyewe. Lakini ile karatasi ni nyembamba mno, inachanika, na chini yake hakuna ngozi ya ndani ya kuishikilia. Huku nako watafiti Burke na Yannas 1981 walionesha kwamba ukiweka sponji la kolajeni (protini inayoshikilia ngozi) lenye matundu kwenye jeraha, seli za mgonjwa zinaingia zenyewe na kujenga upya ngozi ya ndani. Baadae zikaja bandeji zenye seli hai ndani yake, nyingine zimeoteshwa juu ya wavu wa polima inayoyeyuka mwilini. Sisi tunafuata njia hiyo hiyo kwa udogo wetu.

Kitu kimoja niseme mapema ndo muelewe kwa nini nimeandika mengi kuhusu kiunzi na machache kuhusu seli. Watu wanaogopa seli, wanazibembeleza kama mayai, alafu kiunzi wanakifanya mbio mbio Ijumaa jioni. Mimi naona wanaogopa pasipo. Seli tabia zake zinajulikana, ukizipa chakula na joto zitaota. Kinachoua kazi ni matundu: hayajaungana, hayajalowa, au yamebaki na chumvi na kloroformu ndani. Kwa hivo tundu kwanza.

Chumvi

Polima tunayotumia ni polikaprolaktoni, wengi wanaiita PCL. Nzuri kwa kujifunzia manake inavumilia, inayeyuka kirahisi kwenye kloroformu, na mwilini inachukua kama miaka miwili mitatu kuisha. Hiyo ni ndefu sana kwa kidonda kinachotaka kupona kwa wiki kadhaa, kwa hivo ukifika mbali utahamia PLGA, polima nyingine inayoyeyuka mwilini, ambayo aina ya nusu kwa nusu inaisha kwa mwezi mmoja miwili, lakini PLGA ni ghali na inaharibika na unyevu, na unyevu wa hapa mnaujua. Anza na PCL.

Matundu tunayafanya kwa chumvi. Unachanganya chumvi na polima, ikikauka unaitoa chumvi kwa maji, pale ilipokuwa panabaki tundu. Tafuta chumvi safi ya maabara, ile ya jikoni imetiwa iodini na dawa ya kuizuia isigande. Isage kwenye kinu alafu chekecha kwa chekeche mbili, moja ya mikromita 200 na nyingine ya 100, kinachobaki katikati ndo chako. Chini ya hapo seli zinapita kwa taabu, juu ya hapo zinaanguka mpaka chini kabisa, tena zile za ngozi ya juu zina mikromita kumi na kitu tu.

Na hapa ndo Mombasa inaingia. Chumvi inaanza kunyonya maji hewani unyevu ukifika kama 75%, na asubuhi nyingi hapa kwetu tuko juu ya hapo, kwa hivo ukichekecha saa mbili asubuhi ukaacha kikombe wazi ukaenda kunywa chai, ukirudi una jiwe. Kausha chumvi kwenye oveni joto la 110 au 120 usiku mzima, ichekeche ikiwa bado kavu, ifunge kwenye chupa yenye vidonge vya silika. Cha kuchekesha ni kwamba wataalamu wengine wanaitafuta hali hiyo kwa makusudi, wanaweka chumvi kwenye unyevu wa 95% na joto la 37 kwa saa kadhaa kabla ya kumimina polima, punje zinashikana kidogo na matundu yanakuja kuungana vizuri zaidi. Wanaipima lakini! Hewa ya hapa kwetu Tudor haipimwi, leo hivi kesho vile, kwa hivo kausha kwanza, hayo ya kushikanisha utajaribu ukishakuwa na kiunzi cha kawaida cha kulinganisha.

Vipimo sasa. PCL gramu 1, kloroformu mililita 10, chumvi gramu 9. Wengi wakisikia 9 kwa 1 wanaandika kwenye ripoti kwamba kiunzi kina uwazi wa 90%. Siyo. Hiyo ni kwa uzito. Chumvi ni nzito, gramu 9 ni kama mililita 4.2, na PCL gramu 1 ni kama mililita 0.87, piga hesabu utapata uwazi wa karibu 83%. Ukitaka 90% ya kweli unahitaji chumvi kama gramu 17 kwa gramu 1 ya PCL, na hapo kiunzi kinakuwa laini mpaka kukishika kwa kibano ni shughuli. Mimi nakaa na 9.

Kumimina

Kloroformu ni sumu na inalevya, kazi yote iwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke, glavu na miwani, na vyombo viwe vya kioo manake zile sahani za plastiki za maabara inaziyeyusha ukiziangalia. Koroga PCL mpaka iyeyuke yote, saa moja mbili hivi, tia chumvi, endelea kukoroga huku mvuke ukitoka mpaka mchanganyiko uwe mzito. Usipongoja uzito huo chumvi itazama chini, juu itabaki ngozi ya polima isiyo na tundu ata moja, na seli zako zitakaa juu ya hiyo ngozi zikishangaa.

Mimina kwenye sahani ya kioo ya sentimita 9. Ukishatoa chumvi utapata karatasi nene kama milimita 0.8. Kuna wanaopenda nene zaidi kwa sababu ni rahisi kushika, lakini oksijeni haipenyi mbali, seli iliyo zaidi ya mikromita 100 mpaka 200 kutoka kwenye chakula inaanza kuumia, sasa milimita 3 ya nini?

Funika sahani kwa kifuniko kilichoachwa wazi kidogo. Kloroformu ikikauka kwa kasi inapoza uso wa mchanganyiko, na hewa yetu yenye maji inaangusha vitone vidogo juu yake, unapata utando mweupe wenye vitundu vya bahati nasibu. Ukikauka taratibu hilo linapungua. Alafu iache ndani ya chombo cha vakyumu siku mbili, usifupishe, kloroformu iliyobaki ndani ndo inaua seli siku ya tatu na watu wanalaumu seramu (maji ya damu ya ndama ambayo seli zinalishwa).

Kutoa chumvi: maji yaliyochujwa na kuondolewa madini, mengi, yabadilishe asubuhi, mchana na jioni kwa siku mbili. Unajuaje imeisha? Chukua maji ya mwisho kidogo yaliyolala na kiunzi, tia tone la silva naitreti. Yakiwa meupe kama maziwa chumvi bado ipo, rudia. Kausha kwenye joto la 37, siyo oveni ya 60 manake PCL inayeyuka hapo hapo kwenye 60 na utakuta kidimbwi. Kwa sababu hiyo hiyo otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ya 121 isahau.

Ukimaliza kata kipande kwa wembe mpya ukiangalie kwa mikroskopu. Umewahi kuiangalia chila, ule mkate wetu wa kumimina, iliyoiva vizuri, vile tundu za juu zinashuka mpaka chini na ukiinyanyua unaona mwanga? Hivo ndo unatafuta. Ukiona vyumba vilivyofungwa kila kimoja kivyake, usiendelee na seli, rudi kwenye chumvi, hiyo karatasi haina kazi.

Kulowesha, hapa msikimbie

PCL haipendi maji. Ukitonesha tone juu ya kiunzi kikavu linakaa duara linakutazama, na hewa imejifungia ndani ya matundu. Seli ukizitia hapo zinabaki juu juu.

Kwanza kata viduara vya milimita 12, vinaingia vizuri kwenye pleti ya vishimo 24. Viloweshe kwenye sodiamu haidroksaidi ya 1 M saa moja, hii inakwangua uso wa polima na kuufanya upende maji, alafu suuza mpaka karatasi ya pH ioneshe maji ya kawaida. Kuna wanaopaka kolajeni juu yake, ni sawa kama pesa ipo. Wengine wanapaka kitosani iliyoyeyushwa kwenye asidi ya asetiki ya 1%, na hapo mtu wa Pwani anakumbuka maganda ya kamba yanavyotupwa sokoni. Kweli kitosani inatoka huko, lakini kuyageuza maganda kunataka asidi kali, alafu sodiamu haidroksaidi kali ya moto, na ukibakiza protini ya kamba ndani matokeo yako hayatakuwa na maana. Nunua iliyosafishwa, maganda yaacheni kwa sasa.

Kisha ethanoli ya 70%. Inafanya kazi mbili, inaua vijidudu na inaingia kwenye matundu ambapo maji yamekataa. Ujanja wa kutoa hewa: weka viduara ndani ya sirinji ya mililita 20 yenye ethanoli, ziba ncha kwa kidole, vuta mpini nyuma. Utaona mapovu yanatoka kwenye kiunzi kama soda. Achilia, vuta tena, mpaka viduara vizame chini vyenyewe. Kiduara kinachoelea bado kina hewa, hakuna cha "labda kitazama baadae". Vikae kwenye ethanoli saa moja, alafu suuza na PBS safi (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) mara tatu ndani ya kabati safi, na kuanzia hapa havioni hewa ya nje tena. Taa ya UV usiitegemee peke yake, inafika pale inapoona, ndani ya matundu haioni.

Mwisho vilaze usiku mzima kwenye midia kamili (maji ya chakula cha seli, mchanganyiko wake uko hapo mbele) ndani ya inkubeta. Protini za seramu zinajipaka kwenye kuta za matundu na seli zinapata pa kushika. Huu usiku mmoja ndo watu wanaouruka, na ndo wenye faida kuliko chochote nilichoandika hapa. Asubuhi angalia midia: ikiwa imekuwa na ukungu usafi haukutosha, na bora umejua kabla ya kumwaga seli zako.

Seli

Anza na L929, fibroblasti za panya (fibroblasti ndo seli zinazojenga ngozi ya ndani), ngumu kufa na ndizo zinazotumika kwenye vipimo vya kawaida vya kuangalia kama kifaa kina sumu. Ukishazoea nenda kwenye fibroblasti za binadamu na HaCaT, hizo ni keratinosaiti (seli za ngozi ya juu) zilizotoka Heidelberg, Ujerumani, 1988, zinagawanyika bila kuchoka. Na najua kuna atakayesema, si tohara zinafanyika kila Desemba, tuchukue govi? Dunia nzima watu wanazitoa seli huko, ni kweli. Lakini bila ruhusa ya maandishi ya mzazi, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya serikali ya sayansi), usiguse. Tena seli za mtu unazifanya kama zina virusi vya homa ya ini na ukimwi mpaka zipimwe.

Midia ni DMEM (maji ya chakula ya kununua), seramu ya ndama 10%, penisilini na streptomaisini 1%. Joto 37, CO2 5%. Zikijaza chupa kama 80% zisuuze na PBS, tia tripsini (kimeng'enya cha kuziachisha), dakika 3 mpaka 5 zinaachia. HaCaT ni wabishi, zikalishe kwanza kwenye EDTA (kemikali ya kuzilegeza) dakika 10 ndo utie tripsini. Zikiachia tia midia yenye seramu kuzima tripsini, zizungushe kwenye mashine, hesabu na rangi ya tripani, zilizokufa zinakuwa buluu. Mfano: kona nne za kioo cha kuhesabia umepata seli hai 120, wastani 30, ulichanganya nusu kwa nusu na rangi kwa hivo mara 2, mara 10,000, ni seli 600,000 kwa mililita.

Sasa kuzipanda kwenye kiunzi. Kiduara cha milimita 12 chenye unene wa 0.8 kina ujazo wa kama mikrolita 90, na nafasi ya matundu ni kama 75. Kwa hivo tone lako liwe mikrolita 60, likizidi linamwagika pembeni na seli zinaota chini ya pleti badala ya ndani ya kiunzi, alafu unashangilia namba ambazo si za kiunzi. Tunataka seli 200,000 kwa kiduara, hivo mchanganyiko uwe wa seli milioni 3.3 kwa mililita. Mambo ya kufanya kwa mpangilio:

Paka vishimo vya pleti agarosi (jeli ya mwani) ya 1% siku moja kabla, seli haziwezi kushika hapo zikitoroka. Weka viduara. Kausha kila kimoja kidogo kwa kugusisha pembe yake na karatasi safi ya kuchujia, maji yatoke kwenye matundu lakini kuta zibaki zimelowa. Tonesha 60 katikati, polepole. Tia PBS kwenye vishimo vya pembeni visivyotumika ili hewa ndani ya pleti isikauke. Inkubeta saa 3 bila kugusa. Alafu ongeza midia mililita 1 kwa kupitisha ukutani, siyo juu ya kiduara. Kesho yake hamisha viduara kwenye pleti mpya. Midia badilisha kila baada ya siku mbili au tatu.

Usisahau viduara visivyo na seli, vitatu angalau, vipitie kila kitu sawa na wenzao. Bila hivyo huna kipimo.

Stima, joto na ukungu

Inkubeta inajua kupasha tu, haijui kupoza. Kwa hivo chumba lazima kiwe chini ya joto lake kwa nyuzi tano hivi, na wakati wa kaskazi chumba kisicho na eisii kinapita 32 saa saba mchana bila shida, inkubeta inapanda 38, 39, na seli zinapikwa huku kioo kinasema kila kitu sawa. Weka kipimajoto chako mwenyewe ndani, usiamini namba ya mlangoni.

Stima ikipotea usifungue mlango kuchungulia. Ikiwa imefungwa joto linakaa muda, ukifungua limekwenda. CO2 ikikosekana midia inapanda pH na rangi inatoka nyekundu kwenda zambarau, kwa hivo sisi wa huku tunatia HEPES (kemikali ya kushikilia pH) ya 20 mpaka 25 mM iwe akiba. UPS ya inkubeta ni lazima kuliko ya kompyuta yako ya filamu.

Ukungu nao ni mpangaji wa kudumu. Beseni la maji ndani ya inkubeta libadilishe kila wiki, maji safi yaliyochemshwa kwenye otoklevu, eisii isipulize kuelekea kwenye kabati, na maboksi ya karatasi yasiingie chumba cha seli. Maikoplazma, bakteria wadogo sana, hutaiona kwa macho wala kwa mikroskopu ya kawaida, na ni ndogo kiasi cha kupita kwenye chujio la mikromita 0.22, inapimwa kwa PCR (kipimo cha DNA). Seli zikianza kukua polepole bila sababu, pima hiyo kabla ya kubadilisha chochote.

Kutengeneza tabaka mbili

Kwa bandeji inayofanana na ngozi, fibroblasti zinakwenda kwanza. Zipe wiki mbili ndani ya kiunzi na vitamini C mikrogramu 50 kwa mililita, hiyo inazisaidia kutengeneza kolajeni, na iwe mpya kila ukibadilisha midia manake inaharibika haraka. Matundu yakishajaa ndo unaweka HaCaT juu, 300,000 kwa sentimita ya mraba. Ukiziweka mapema zinatumbukia ndani ya matundu yale yale tuliyoyahangaikia. Siku mbili tatu zikae chini ya midia, alafu kinyanyue kiduara juu ya wavu wa chuma kisichoshika kutu ili midia iguse chini tu na juu pawe hewa. Hewa ndo inayoziambia keratinosaiti zipande ghorofa. Siku 10 mpaka 14. HaCaT haziwezi kutengeneza lile gamba la juu vizuri kama seli za ngozi halisi, usitegemee picha za kwenye majarida.

Kupima

Kuna rangi mbili za kupimia seli hai, na rezazurini naipenda kuliko MTT kwa sababu haiui seli, kiduara kile kile unakipima siku ya 1, 3, 7 na 14. Inatoka buluu kuwa pinki kadri seli zinavyofanya kazi. MTT ni 0.5 mg kwa mililita, saa 3 au 4, unayeyusha zambarau kwa kiyeyushio cha DMSO na kusoma kwenye mwanga wa nanomita 570, lakini kiunzi kinanyonya rangi, ndo maana nilisema viduara vitupu. Toa namba yao kwenye namba yako.

Namba peke yake haisemi seli ziko wapi, kata kiduara uangalie ndani. Hapa msipeleke kwenye mafuta ya nta kama wanavyofanya na nyama ya kawaida: zailini, dawa inayotumika kabla ya nta, inaiyeyusha PCL, na nta ya moto inamaliza kilichobaki, utarudishiwa seli zinazoelea bila kiunzi. Gandisha na ukate kwa mashine ya baridi, paka DAPI (rangi ya kung'arisha viini vya seli), hesabu viini kutoka juu kushuka chini. Ukikuta vyote viko kwenye robo ya juu, tatizo ni kulowesha, rudi kwenye sirinji. Vikiwa chini tu, matundu ni makubwa au tone lilikuwa zito. Vikiwa pembeni tu, ulimwaga mno.

Midia iliyotumika na viduara vya zamani vilaze kwenye jiki iliyozimuliwa, sehemu moja kwa tisa za maji, nusu saa, ndo umwage. Kloroformu iliyobaki haigusi jiki wala sinki, ina chupa yake ya taka yenye lebo, imefungwa, ndani ya kabati la mvuke.